Uzi mrefu: Ngoma mpya bado tamu, ila simu zetu hazitupi nafasi ya kuzisikia

#1 – Mleta mada

Wakuu habari zenu. Huu uzi ni mrefu, asiye na muda autunze aje kuusoma jioni, sitaki mtu asome mistari miwili afu aanze kubisha kitu ambacho nimekijibu huko chini.

Iko hivi. Mwaka jana rafiki yangu wa siku nyingi aliniuliza swali dogo tu, "umesikia ngoma gani mpya mwaka huu ukaipenda?" Nikakaa kimya. Na muziki nasikiliza kila siku jamani, kuanzia naamka mpaka nalala kuna kitu kinalia masikioni. Lakini kila nikijaribu kukumbuka wimbo mmoja tu uliotoka mwaka ule, jina lake, kaimba nani, unaanzaje, sipati kitu. Nikafungua apu nikaangalia historia, nyimbo mamia nimezipitia, zingine inaonyesha nimezipiga mara tano mara sita, na majina yake mageni kabisa kwangu, utadhani simu alikuwa nayo mtu mwingine. Hiyo iliniuma sana kwa sababu mimi nimekua nalala na kaseti chini ya mto, nilikuwa najua wimbo wa tatu upande wa pili unaingia baada ya mkwaruzo gani.

Kwanza nikadhani ni umri. Afu nikadhani muziki wenyewe umeshuka, hilo ndo jibu rahisi na nadhani kila kizazi kimelitumia. Ila kabla sijahukumu nikaamua nijaribu kitu. Nikachukua simu yangu ya zamani, ile yenye kioo kilichopasuka kwenye kona, nikatoa laini, nikafuta kila kitu, nikaacha programu moja tu ya kupigia muziki. Nikajiwekea albamu moja mpya kwa wiki. Moja tu. Huu ni mwezi wa nane sasa na nataka niwaeleze nilichokutana nacho, maana kimenibadilisha mpaka namna ninavyoishika simu yangu hii nyingine.

Nashusha kwa vipande, vuteni viti.

#2

Nimekaa mkuu, shusha. Hilo swali la rafiki yako nimejiuliza na mimi sasa hivi, nimetoka patupu. Kuna kiitikio kimoja nakikumbuka na hicho nimekisikia kwenye vivideo vifupi, wimbo mzima sijawahi kuusikia.

#3 – Mleta mada

Hapo kwenye kiitikio bila wimbo tutarudi, umegusa penyewe.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu kuliko nilivyotegemea. Albamu niliyochagua haina maneno kabisa, ni dramu, besi, kinanda na tarumbeta, na usiku wa kwanza niliiona kelele tupu. Wimbo wa pili kuna sehemu dramu inachelewa kuingia, nikasema hawa wamekosea wakarekodi hivyohivyo. Kwenye simu yangu ya kawaida ningeshahamia kwingine sekunde ya ishirini. Huku hapakuwa na pa kuhamia, ni albamu moja tu imekaa mle ndani, nikavumilia. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya nne natembea zangu barabarani sina hata kifaa cha kusikilizia, nikajikuta naguna ile besi, na kichwani nikaisubiri ile dramu iliyochelewa, ikaingia palepale inapoingiaga, na nikasisimka mwili. Walikuwa hawajakosea hata kidogo, mimi ndo nilikuwa sijafika.

Baadaye nikakumbuka kitu nilichosoma zamani. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alichapisha utafiti ambao mpaka leo unatajwa sana. Aliwaonyesha watu vitu wasivyovijua, maneno yasiyo na maana, michoro inayofanana na maandishi ya Kichina, picha za sura za watu, vingine mara chache vingine mara nyingi. Vile walivyovikuta mara nyingi ndo walivyovipenda zaidi, na hakuna aliyewaambia kwa nini wavipende. Kuzoea peke yake kulitosha.

Sasa uchukulie muziki. Mara ya kwanza akili iko bize inatafuta njia, hujui beti linaishia wapi, kiitikio kinarudi lini, ile sauti ya nyuma ni gita au ni mtu. Utamu mwingi wa wimbo uko kwenye kutegemea kitu kisha ukipate, au utegemee afu mpigaji akuchenge makusudi, na huwezi kutegemea kitu usichokijua. Ukimpa wimbo mpya nafasi moja tu, tena nusu nusu huku unasoma meseji, hapo hujausikia bado, umepita mlangoni kwake tu.

Na milango ni mingi kupita kiasi. Mwaka 2022 wakuu wa kampuni kubwa za muziki duniani walikuwa wanataja nyimbo 100,000 zinazopandishwa mtandaoni kila siku. Nikapiga hesabu, ukichukulia dakika tatu kila wimbo, nyimbo za siku moja tu ungehitaji siku 208 mchana na usiku bila kulala ndo uzimalize. Nilipoona hiyo namba nikapumua. Yaani ile hofu kwamba napitwa, kwamba lazima nikimbizane na kila kinachotoka, ikaisha palepale. Nitapitwa na karibu kila kitu, kwa hiyo bora nikae na kimoja nikijue vizuri.

#4

Mkuu nakuheshimu ila umewatetea mno hawa watu. Nyimbo za sasa fupi, hazina utangulizi, kiitikio kinakurukia hata hujakaa sawa, mistari minne inazungushwa mpaka mwisho. Usiilaumu simu, laumu studio.

#5 – Mleta mada

Ulichosema kuhusu nyimbo nyingi ni kweli na mimi nakubali, ila nenda hatua moja nyuma ujiulize studio inamtumikia nani.

Kwenye Spotify, ile huduma ya kustrimu muziki, wimbo unahesabika umesikilizwa ukifika sekunde 30. Ukiuacha sekunde ya 28 ni kama hukuugusa. Sasa wewe ni mtayarishaji, unajua msikilizaji kidole kiko kwenye kitufe cha kuruka, utathubutu kuweka utangulizi wa dakika nzima wa kinanda kinachotambaa polepole? Utaleta kiitikio mbele. Na kwa kuwa wimbo wa dakika mbili unalipwa sawa na wa dakika saba, kurefusha ni hasara. Hapo hakuna aliyeamka asubuhi akasema naenda kuharibu muziki, ni chombo kinachobeba muziki ndo kinaupima urefu, na imekuwa hivyo tangu zamani. Zile santuri za mizunguko 78 kwa dakika, upande mmoja ulibeba takriban dakika tatu, ndo maana wimbo wa dakika tatu ukawa kipimo cha dunia nzima. Mwaka 1948 kampuni ya rekodi ya Columbia wakaleta sahani ya mizunguko 33 na theluthi, upande mmoja dakika ishirini na zaidi, watu wakaanza kuwaza albamu kama safari yenye mwanzo na mwisho. Ikaja CD mwaka 1982, nafasi dakika 74, na nyie wa rika langu mnakumbuka albamu zilivyojazwa nyimbo za kusindikiza ili mradi nafasi ijae.

Kwa hiyo kila chombo kina tabia yake na wanamuziki huifuata. Tofauti ya chombo cha sasa ni kwamba kinakaa ndani ya kifaa kilekile chenye meseji, habari, video, kazi na ugomvi wa watu, na vyote hivyo vinagombania dakika ileile.

Kuna kisa kidogo nakipenda. Novemba 2021 mwimbaji Adele alipotoa albamu yake aliomba Spotify waondoe ule utaratibu wa kuchanganya nyimbo uliokuwa umewekwa mbele kwenye kurasa za albamu, akieleza kwamba msanii hupanga nyimbo zake kwa mpangilio wenye maana, na wakakubali. Mimi nilishangaa sana. Kumbe miaka yote ile nilikuwa nabonyeza kile kitufe kikubwa na albamu naisikiliza imevurugwa, na sikujua kwamba kuna mtu alikaa akapanga wimbo wa nne ufuate wa tatu kwa sababu fulani.

Muziki wenye pumzi ndefu bado unatengenezwa mkuu, tena mwingi, ndani ya miezi hii minane nimekutana na nyimbo za dakika tisa, za dakika kumi na mbili, za watu wapya kabisa. Mashine ya mapendekezo ndo haikuletei, na kuna sababu. Sehemu kubwa ya mapendekezo inaenda hivi: watu waliopenda A wamependa pia B, wewe umependa A, basi chukua B. Inafanya kazi vizuri tu kwa vitu ambavyo watu wengi wameshavigusa. Wimbo mpya wa mtu asiyejulikana hauna nyayo, hakuna aliyepita, kwa hiyo mashine haina pa kuushikia. Na wewe kila ukisikiliza kilekile ulicholetewa unaithibitishia kwamba ilipatia, kesho inakuletea ndugu yake. Mwisho wa siku unazunguka kwenye chumba kimoja na unaamini ndo nyumba nzima.

#6

Samahani kaka, mimi nina watoto wawili na kazi. Hiyo ya kukaa kimya dakika arobaini na albamu kama mtu yuko kwenye mtihani ni ya watu wasio na majukumu. Mimi muziki nausikiliza nikiwa nafua, nikipanga nyumba, nikimbembeleza mtoto. Ina maana nasikiliza vibaya?

#7 – Mleta mada

Hapana dada yangu, na nashukuru umeuliza maana nilikuwa sijalieleza vizuri. Wewe uko pazuri kuliko wengi humu. Ukifua mikono iko bize lakini masikio yako huru na macho hayasomi kitu. Mimi mwenyewe albamu nyingi nimezielewa nikiwa nafagia au natembea. Kinachoua usikilizaji ni maneno na kioo, huwezi kusoma mabishano ya watu na kufuata sauti ya mwimbaji kwa wakati mmoja, kimoja lazima kizame.

Umewahi kugundua arifa ikiingia wimbo unashuka sauti kidogo ndo kengele ilie? Simu imepangwa hivyo, kwamba tangazo la mtu kupenda picha ni muhimu kuliko kilele cha wimbo. Mimi niliishi nayo miaka nikaona ni kawaida. Na kule kuskroli bila mwisho hakujatoka mbinguni, kuna mtu alikubuni, anaitwa Aza Raskin, ilikuwa mwaka 2006, na baadaye mwenyewe amesema hadharani anajutia. Zamani ukurasa ulikuwa unaisha, ukiisha unaamua uendelee au uache. Yeye aliondoa ile pumzi ya kuamua. Na muziki ukafanywa hivyohivyo, albamu ikiisha hakuna kimya, kinaingia kitu kingine kinachofanana nayo kabla hujameza ulichosikia. Dada, fanya moja tu kwa leo: nenda kwenye mipangilio ya apu yako uzime ule uchezaji wa kuendelea wenyewe. Albamu ikiisha iishe. Kile kimya cha mwisho utaona kina kazi kubwa kuliko unavyodhani, ndo pale kichwa kinarudia kipande kilichokishika.

Mtoto ukimbembeleza na albamu ileile kila siku naye ataijua, halafu utakuja kutuambia.

#8

Naomba niongezee upande wa ufundi, nimefanya kazi ya kurekodi miaka kadhaa na naona watu wengi wanasumbuka na vitu visivyo na maana na wanaacha vyenye maana.

Sikio la binadamu, likiwa zima na changa, husikia kuanzia mitetemo 20 mpaka 20,000 kwa sekunde. Ili kuinasa sauti kidijitali unatakiwa uipime angalau mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa, ndo maana CD hupima mara 44,100 kwa sekunde. Kila kipimo biti 16, njia mbili, kushoto na kulia, unapata kilobiti 1,411 kwa sekunde. Hiyo kwa intaneti ya miaka ya 90 ilikuwa mlima. Watafiti wa Ujerumani kwenye taasisi ya Fraunhofer, akiwemo Karlheinz Brandenburg, wakatumia tabia moja ya sikio: sauti kubwa huifunika sauti ndogo iliyo karibu nayo, kwa hiyo ile iliyofunikwa ukiitupa wengi hawatagundua. Faili zilizobanwa hivyo ndo MP3, na jina la .mp3 walikubaliana tarehe 14 Julai 1995.

Sasa kwa mtu wa kawaida. Saa moja ya muziki kwa kilobiti 96 kwa sekunde inakula kama megabaiti 43, kwa 320 inakula 144, kwa kipimo cha CD ni kama 635. FLAC, aina nyingine ya faili, inapunguza hiyo mpaka inakaribia nusu na haipotezi kitu. Ukiwa kwenye ile hali ya kuokoa bando matoazi yanasikika kama maji yanamwagwa, na mtu anasema wimbo mbovu kumbe anasikia faili mbovu. Kuanzia 256 kwenda juu, kwa vifaa vya kawaida, wengi wetu hatuwezi kutofautisha tukifungwa macho, nimewajaribu mafundi wenzangu na nimejijaribu mwenyewe. Kwa hiyo msiue bando kwa ajili ya namba kubwa.

Kingine, Bluetooth. Faili lako limeshabanwa mara moja, simu inalifungua, afu inalibana tena ili lipite hewani, mara nyingi kwa kodeki, yaani njia ya kubana sauti, iitwayo SBC ambayo kila kifaa cha namna hiyo lazima kiwe nayo. Kubanwa mara mbili. Kama una waya, tumia waya, ni bei poa, hauishi chaji, na haukatiki mtu akipita katikati.

Na acheni kudhani wimbo unaopiga kelele zaidi ndo umerekodiwa vizuri. Sikio hudanganywa na ukubwa wa sauti, ukipandisha kidogo tu kila kitu kinaonekana kitamu. Kwa miaka mingi studio zilishindana kusukuma sauti juu mpaka nyimbo zikawa bapa, hakuna pa chini hakuna pa juu. Siku hizi huduma nyingi husawazisha, Spotify kwa mfano kiwango chake cha kawaida ni -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo mzima), aliyesukuma anashushwa alingane na wenzake. Acha huo usawazishaji uwake, utawasikia watu wanaopiga taratibu bila kuwaonea.

#9 – Mleta mada

Mkuu #8 umenipa kitu, nilikuwa sijui hiyo ya kubanwa mara mbili. Nilichukua waya kwenye wiki ya tatu kwa sababu tu betri ya vile vidude visivyo na waya ilikuwa inakata wimbo wa saba, na nikahisi sauti imefunguka nikadhani ni hisia zangu.

Nihamie sasa kwenye lile la kumiliki, ambalo kwangu ndo lilinibadilisha zaidi.

Nilikuwa na orodha yangu ya nyimbo niliyoijenga karibu miaka sita. Kila wimbo una siku yake, nyingine zinanikumbusha msiba, nyingine safari, nyingine mtu. Siku moja naifungua, nyimbo kumi na kitu zimekuwa za kijivu, ukibonyeza hazipigi. Hakuna maelezo, hakuna taarifa, nikaandika kuuliza nikajibiwa kwamba haki za nyimbo hizo hazipo tena. Ndo nikaelewa nilichokuwa nalipia miaka yote. Nilikuwa nalipia kuingia kwenye chumba cha mtu mwingine chenye nyimbo, na mwenye chumba akitoa kitu hana wajibu wa kuniuliza.

Na usidhani ukipandisha vitu vyako mwenyewe uko salama. MySpace, ambayo wakati wake ilikuwa nyumbani kwa wanamuziki chipukizi wa dunia nzima, ilikubali mwaka 2019 kwamba katika kuhamisha seva zake imepoteza muziki uliopandishwa kuanzia 2003 mpaka 2015. Makadirio yaliyotajwa ni nyimbo zaidi ya milioni 50 za wasanii milioni 14. Hebu kaa na hiyo namba. Humo kuna bendi ambazo nakala pekee ilikuwa ni ile. Kuna mtu aliimba akiwa na miaka kumi na saba, sauti ile haipo tena popote.

Kwa hiyo sasa albamu nikiipenda mpaka wiki imeisha bado naitaka, nainunua faili. Kuna sehemu kama Bandcamp, iko tangu 2008, unanunua unapakua FLAC au MP3 na faili ni lako, hata kesho tovuti ikifungwa wimbo unao. Huwa wana Ijumaa maalum, walianza Machi 2020 wakati shughuli zimesimama dunia nzima, siku hiyo huacha gawio lao ili pesa nyingi zaidi imfikie msanii. Wengine huuza kwenye kurasa zao wenyewe. Naweka nakala kwenye memori kadi na nyingine kwenye diski ya nje, mahali pawili, maana memori kadi hufa bila kuaga.

Pesa nayo inaenda tofauti kabisa. Huduma nyingi za kustrimu huweka makusanyo kwenye chungu kimoja afu hugawa kwa wingi wa kusikilizwa duniani. Mimi nikimsikiliza mpiga kinanda mmoja asiyejulikana mwezi mzima, sehemu kubwa ya ada yangu inaenda kwa watu ambao sijawagusa. Na Spotify tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauhesabiwi kwenye malipo ya rekodi. SoundCloud, huduma nyingine ya kustrimu, walijaribu njia nyingine mwaka 2021, kwamba pesa ya msikilizaji iende kwa anaowasikiliza yeye, na mimi naona hiyo ndo haki. Mtu wa kusikilizwa mara 800 na watu wanaompenda kweli ni mwanamuziki pia.

#10

Kwa hiyo unatuambia tufute apu zote turudi kwenye kaseti? Mbona hiyo ni kurudi nyuma mkuu.

#11 – Mleta mada

Sijafuta, na sitafuta. Bado nalipia moja. Ila nimebadilisha kazi yake. Zamani ilikuwa sebule, sasa ni dirisha. Nachungulia, nasikia vipande, kikinishika naandika jina kwenye karatasi, ndiyo, karatasi na kalamu, kisha Jumapili nachagua kimoja cha kuingia nacho kwenye ile simu iliyopasuka kioo.

Na nimebadilisha namna ya kutafuta. Zamani nilikuwa nasubiri kuletewa, sasa nafuata watu. Wimbo ukinigusa nasoma nani kapiga besi, nani katayarisha, nani kachanganya sauti, afu namtafuta huyo mtu kapiga wapi tena. Hiyo njia ina utajiri wa ajabu. Nimemfuata mpiga dramu mmoja kutoka albamu ile ya kwanza ya wiki ya kwanza, nikakuta kapiga kwenye albamu nne za watu ambao mashine isingenipa hata miaka ishirini, mmoja anaimba kwa lugha ambayo sielewi neno hata moja na mpaka sasa ndo mwimbaji ninayempenda kuliko wote niliowapata. Kuna lebo ndogo ndogo pia, ukimpata mwenye sikio zuri basi kila anachotoa kinastahili jioni moja. Na watangazaji wa redio ambao bado wanachagua nyimbo kwa mikono yao, hao wathaminini, mtu akikuambia "nimeweka huu kwa sababu" hiyo "kwa sababu" ina thamani.

Kingine ni yule rafiki aliyeniuliza swali. Tumewekeana utaratibu, kila Jumapili tunabadilishana albamu moja moja, na kuna sharti moja tu, haturuhusiwi kusema chochote mpaka tumesikiliza mara tatu. Mwanzoni ilikuwa ngumu, alinipa albamu ambayo mara ya kwanza ningemwambia ukweli tungekosana. Mara ya tatu nikampigia usiku. Tuliongea saa nzima kuhusu wimbo mmoja wa dakika nne. Sikumbuki lini mara ya mwisho niliongea na mtu saa nzima kwa simu bila kuwa na shida ya kutatua.

#12

Mleta mada na mkuu wa studio, swali la pembeni. Nikivaa hizi za masikioni masaa mengi jioni nasikia mlio kama wa mbu ndani ya sikio. Ni kawaida?

#13

Mkuu huo mlio usiuchukulie kawaida, kapimwe masikio, nakuomba. Kwenye fani yetu ya kurekodi nimeona watu waliochelewa na hairudi. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 (kipimo cha ukubwa wa sauti) ni salama mpaka kama saa 40 kwa wiki. Kila ukipandisha desibeli 3 nishati inaongezeka mara mbili, kwa hiyo muda unakatwa nusu: 83 saa 20, 86 saa 10, ukifika 90 umebaki na kama saa nne kwa wiki nzima. Simu nyingi zina sehemu inaonyesha kiwango ulichosikiliza, ifungue uone. Na wengi hupandisha sauti kwa sababu ya kelele za nje, kwa hiyo zile zinazoziba sikio vizuri zitakusaidia usikilize chini. Pumzisha masikio leo, kweli.

#14 – Mleta mada

Nakazia alichosema #13. Na hapo utaona albamu moja kwa siku, dakika arobaini, inakutosha na masikio yanabaki salama, kuliko kitu kinacholia masaa kumi na nne hujui hata ni nini, kama nilivyokuwa mimi.

Kuhusu ile simu kuna mliouliza PM niliipangaje, ni rahisi sana: toa laini, zima mtandao kabisa baada ya kuweka mafaili, tumia programu yoyote ya bure inayopiga mafaili ya ndani, VLC inatosha na inapiga karibu kila aina ya faili. Iondoe kila kitu kwenye uso wa simu kibaki kitufe kimoja. Usiweke albamu ishirini, hapo utaanza tena kuchaguachagua. Weka mbili, ya wiki hii na moja uliyoizoea ya kukupumzisha. Na simu ile nyingine ikae chumba kingine, hiyo ndo ngumu, wiki mbili za kwanza mkono ulikuwa unaitafuta wenyewe mfukoni.

Dada #6 usisahau kuleta mrejesho wa mtoto. Mimi albamu ya wiki hii nimeisikiliza mara tatu, kuna wimbo wa sita mwimbaji anavuta pumzi kabla ya beti la mwisho, pumzi nzima inasikika, mara mbili za kwanza sikuiona kabisa, jana ndo nimeikuta. Naenda mara ya nne sasa hivi. Nitajibu maswali kesho.